Pale Wimbo Unapokatika

Krakow, Poland
22 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha barazani, goti limetulia, na kahawa inaiva bila ule ugonjwa wa majani. Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, na lile koti la mtumba ulilolicheka siku tulipolinunua Tengeru ndilo linaloniokoa sasa. Baridi ya hapa bado haijaanza, wanasema, na mimi tayari meno yanagongana.

Pale uwanja wa ndege uliniambia, "Usinipigie pigie. Andika. Maneno ya simu mimi sikumbuki hata nusu." Haya, naandika. Nyumba ya wazee ninayojitolea ipo pembeni kidogo ya mji. Asubuhi nawasaidia kuvaa soksi, kunywa chai, na kutembea bustanini taratibu. Lugha yao inanipiga chenga kila siku, lakini mzee anayetaka chai anaeleweka popote duniani. Mwenyeji wangu kazini ni mama mmoja anaitwa Hanna. Ndiyo, Hanna, kama shangazi! Na hapa ni jina la kwao kabisa.

Jana Hanna alinitembeza mji wa kale. Baba, nisingejua nianzie wapi kukueleza. Kuna uwanja katikati, mpana, umezungukwa na nyumba za zamani za ghorofa zilizopakwa rangi za kila aina, na farasi wamevalishwa mapambo wanavuta magari ya watalii. Katikati ya uwanja kuna jengo refu la soko ambako zamani waliuza vitambaa, na leo wanauza shanga na vinyago vya mbao, wauzaji wanakuita kama tu wale wa pale mjini Arusha. Chini ya ngome ya wafalme kuna joka la chuma linalotema moto wa kweli. Nilipiga yowe, watoto wakanicheka.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni hiki. Pembeni mwa uwanja kuna kanisa la matofali lenye minara miwili, mmoja mrefu kuliko mwenzake. Tulipokuwa tunakula mikate yao ya duara, saa ikagonga, na juu kwenye ule mnara mrefu dirisha likafunguka, likatoka tarumbeta. Likaanza kupigwa. Sauti safi, Baba, ya mtu aliyefundishwa. Halafu katikati ya wimbo, kap! Limekatika. Nikasema moyoni, maskini, kaishiwa pumzi. Akaenda dirisha jingine, akaanza upya, akakatika palepale. Nikaanza kuhangaika. Unajua wewe mwenyewe ulivyotufundisha kwenye bendi: mwenzako akiishiwa pumzi, wa pembeni anauokota wimbo kabla haujagusa chini. Dirisha la tatu alipokatika, sikuvumilia. Nikauokota. Niliimba mwisho wa kujitungia kwa sauti yangu yote, katikati ya ule uwanja, nikaufikisha wimbo nyumbani.

Watu wote waligeuka. Hanna alinishika mkono, uso umemwiva. Ndipo akanieleza kwamba wimbo unakatwa makusudi. Wanasema zamani sana mlinzi wa mnara aliona maadui wanakuja, akapiga tarumbeta kuamsha mji, na mshale ukampata kooni kabla hajamaliza. Tangu hapo kila saa wanapiga, na kila saa wanaachia pale alipoachia yeye. Wapigaji wenyewe ni askari wa zimamoto.

Niliona aibu, halafu nikakuwaza wewe. Baba, nitasema tu. Tangu siku tuliyomzika mama, ulipokatika kwenye ubeti wa pili na bendi nzima ikanyamaza, hujaligusa tarumbeta. Mchungaji aliniambia kabla sijaondoka kwamba ni mali ya usharika, na kama halijapigwa mpaka Pasaka watampa mtu mwingine. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umenuna. Sasa nakuambia nikiwa mbali, huwezi kunifikia.

Msalimie dada Sia na watoto wake.

Mwanao anayekupenda,
Kaanaeli


Akeri
27 Oktoba 2024

Mwanangu Kaanaeli,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa kunjwa, lakini maneno yote yalikuwemo. Mimi sijambo. Goti linajua kutabiri mvua kuliko redio. Kahawa siyo mbaya. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hakuna cha kusherehekea sana. Sia anakusalimu na anauliza kama huko kuna Wameru wengine. Nimemwambia wewe peke yako unatosha kuwasumbua.

Nimecheka uliposema umeimba uwanjani. Mama yako angecheka mpaka akae chini. Lakini nieleze vizuri, askari wa zimamoto anapiga tarumbeta mnarani, na moto ukiwaka je? Nani anazima?

Hayo mengine ya mchungaji nilikuwa nayajua. Usharika una macho, na mimi nina masikio. Wakitaka tarumbeta lao waje walichukue, lipo uvunguni, sijalifungia kamba. Kaanaeli, usinisukume. Ule wimbo mama yako ndiye aliyeuchagua akiwa kitandani, akasema nimpigie mimi na si mtu mwingine. Watu walinikataza, wakasema mfiwa hapigi, mfiwa anakaa na wenzake analia. Nikakaidi. Na nilipofika pale kifua kikafunga. Niligeuka kumtazama Ephraimu. Zaidi ya nusu ya maisha yetu amesimama mkono wangu wa kushoto na tarumbeta la pili. Alikuwa amelishika mdomoni. Hakupuliza. Wimbo wa mama yako ulianguka kaburini, mwanangu, na aliyekuwa na uwezo wa kuuokota aliutazama tu ukianguka.

Baadaye alikuja na jani la isale kuniomba msamaha, kama desturi inavyotaka. Sikulikataa, maana isale halikataliwi. Ila sikulipokea pia. Nililiacha mezani barazani mpaka likakauka, na yeye alipita njiani kila siku akiliona. Pasaka iliyofuata bendi ilipozunguka alfajiri nyumba kwa nyumba kwenye makaburi ya waliofiwa, mimi nilifunga geti. Sijivunii. Ndivyo ilivyokuwa.

Nina swali moja tu. Huyo wa mnarani akikata, wale watu walioko chini wanafanya nini? Wanainamisha vichwa? Wanaona vibaya kwa ajili yake?

Vaa soksi mbili.

Baba yako,
Elimringi


Krakow
17 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa jikoni kwa wazee, na nililia, na bibi mmoja akanipa leso yake bila kuuliza kitu. Nashukuru goti linajitahidi. Dume naye ni ng'ombe, mpe jina zuri. Mimi mzima, ila mafua yalinishika, yakaniacha, yakanishika tena.

Swali lako nilienda kulijibu kwa macho yangu. Jumamosi nilisimama uwanjani saa nzima, nikalisikia tarumbeta mara mbili, na sikumtazama mpigaji, niliwatazama watu. Baba, hawainamishi vichwa. Wanatazama juu. Akikata, kunakuwa kimya kidogo, halafu wanampungia mikono, na yeye anatoa mkono dirishani anawapungia. Hata watoto wadogo wanapunga. Hakuna anayeona vibaya. Nilimuuliza Hanna kwa nini hawaumalizii siku moja, wapumzike. Akanishangaa. Akasema, "Tukiumalizia tutakuwa tumemsahau."

Kuhusu moto, wapo zimamoto wengine. Nilijua utauliza tena.

Mwanzoni mwa mwezi huu walikuwa na siku ya kuwakumbuka marehemu wao wote. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mji mzima unaenda makaburini, mabibi kwa wajukuu, na kila kaburi linawashiwa mishumaa kwenye vikombe vya kioo, hata makaburi yasiyo na mwenyewe. Yule bibi wa leso aliniuliza, Hanna akitafsiri, kwetu ni wapi hasa. Nikasema Meru, karibu na Tengeru. Alipolisikia Tengeru akakaa wima. Analijua! Anajua kwamba wakati ule wa vita kuu watu wao waliokuwa wakimbizi waliwekwa pale kwetu, na wengine wakazikwa palepale. Mimi yale makaburi nimeyapita nikienda sokoni maisha yangu yote, sikuwahi kuwaza kwamba huku mbali kuna mtu anayawaza. Akaniuliza, "Kuna mtu anawawashia mshumaa?"

Nikasema baba yangu yupo karibu, atawasha. Nimekutolea ahadi bila ruhusa yako, najua. Lakini ungeuona ule uso wake usingenigombeza. Nenda siku moja ukipata nafasi, mshumaa mmoja tu, hata wa dukani kwa Mangi.

Mwanao,
Kaanaeli


Akeri
29 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya Krismasi iliyopita na mwaka unaokuja. Hapa tulikula ndizi na nyama, Sia alipika, nyumba ikawa na kelele kidogo. Nafasi yako mezani tuliiona sote, hakuna aliyeisema. Dume nimemwita Zimamoto.

Ahadi yako nimeitimiza. Nilienda Tengeru wiki moja kabla ya Krismasi, mshumaa mfukoni. Mlinzi alinifungulia, nikamweleza, akaniambia nikae nitakavyo. Sasa nikuambie kitu, na usifanye sherehe. Nilikuwa nimebeba gunia, na ndani ya gunia kulikuwa na tarumbeta. Usiniulize kwa nini. Nililitoa uvunguni asubuhi ile kabla sijanywa chai, ili nisipate muda wa kubadilisha mawazo.

Niliwasha mshumaa kwenye kaburi moja pembeni, la mtoto nadhani, maana lilikuwa fupi. Nikavuta pumzi, nikapuliza. Hakuna kitu. Nikapuliza tena kwa nguvu, kumbe nyigu wamejenga humo ndani muda wote huu, udongo umeziba mpaka shingoni! Bonge la udongo likaruka, likaangukia viatu vya mlinzi. Alinitazama, nikamtazama, tukacheka mpaka nikashika ukuta. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mama yako aondoke. Kicheko kilinitoka kwa maumivu, kama mlango wa stoo uliokaa bila kufunguliwa.

Tuliliosha kwenye bomba lake. Nikapiga wimbo mmoja mfupi wa Krismasi, vibaya, midomo imekuwa laini kama ya mtoto. Lakini kifua hakikufunga, Kaanaeli. Nadhani ni kwa sababu sikuwajua. Watu usiowajua hawakudai kitu. Nilimaliza wimbo wote, nikalifuta tarumbeta, nikalirudisha guniani.

Kuna kibonyezo kimoja kimekwama, nimelipeleka Arusha, kule Kwa Mrombo, kwa fundi mmoja anaitwa Yiamat, anayetengeneza ekzosi za pikipiki. Aliliangalia upande huu na upande huu, akaniuliza linatumia petroli au dizeli.

Yale maneno ya Hanna wako yananitembea kichwani. "Tukiumalizia tutakuwa tumemsahau." Nayawaza nikipalilia, nayawaza nikikamua. Sijui nimefika wapi nayo. Bado sijamwambia Ephraimu neno, na wewe usimwandikie.

Baba yako,
Elimringi


Krakow
23 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi hali, vipi Zimamoto? Theluji imeanguka mpaka nimeizoea, nimekuwa mtu wa kwao. Yule bibi wa leso nilimsomea habari za mshumaa na nyigu, Hanna akitafsiri, akacheka mpaka tukampa maji. Anasema asante, na anasema mlinzi apewe viatu vingine.

Leo nina habari moja tu. Hanna ana jirani anayefahamiana na mmoja wa wapigaji wa mnarani. Tulimsubiri chini mlangoni alipomaliza zamu. Ni mtu wa makamo, mikono mikubwa kama yako. Nilimwambia baba yangu anapiga tarumbeta kanisani huko Tanzania, akanisalimia upya, safari hii kwa heshima. Nikamuuliza kazi yake ngumu ni ipi, ngazi, baridi, au upepo? Akasema hapana. Kazi ngumu ni kuacha. Kila mara kifua kinataka kuendelea, na kila mara lazima aachie palepale kwa hiari yake. Alisema siku za mwanzo aliona kama anamwangusha mtu. Siku hizi anaona anampisha.

Nimekuandikia yalivyo, bila kuongeza chumvi. Pasaka inakaribia, Baba. Sisukumi. Nasema tu inakaribia.

Mwanao,
Kaanaeli


Krakow
6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Sijapata barua tangu ile ya Desemba. Nilivunja amri, nikampigia Sia. Anasema u mzima lakini jioni hukai nyumbani, unapanda juu kwenye migomba ya mwisho karibu na msitu, na akikuuliza unasema unaangalia mfereji. Mfereji gani huo unaoangaliwa kila jioni? Kama unaumwa niambie. Kama umekasirika na maneno yangu, niambie pia, mimi ni mtoto wako, nitaomba radhi. Kama mchungaji ameshalichukua tarumbeta, basi nalo lilikuwa chuma tu, wewe ndiye baba yangu.

Niandikie hata mstari mmoja.

Kaanaeli


Akeri
22 Aprili 2025

Mwanangu Kaanaeli,

Marahaba. Siumwi, sijakasirika, na Sia ana mdomo mrefu. Goti ni lilelile. Mvua zimeanza vizuri na mlima haujaonekana siku kadhaa kwa mawingu. Nakuandikia Jumanne ya Pasaka, midomo imevimba haiwezi kutabasamu, basi mwandiko ndio unatabasamu.

Mfereji wa jioni ulikuwa mazoezi. Nilijificha kule juu nisisikiwe, lakini tarumbeta siyo kitu cha kuficha. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinasikia na kimekubaliana kunyamaza. Hata mchungaji. Nilimkuta Jumatano ya Majivu akanisalimia tu na kuniuliza habari za mfereji, huku anatazama pembeni.

Jumamosi kabla ya Pasaka nilikata jani la isale, bichi, kwenye mpaka wa shamba, nikaenda kwa Ephraimu. Njia nzima nilikuwa naogopa kama kijana anayeenda kuposa. Alikuwa anamenya ndizi. Nikampa jani kwa mikono miwili, nikasema, "Lile lako nililikausha. Hili ni langu, usilikaushe." Alilipokea, akaliweka kifuani, akanivutia kigoda. Tulikaa. Ndipo nikamuuliza, kwa upole sasa, kwa nini siku ile hakuuokota wimbo. Akanijibu, "Mwenzangu, ule wimbo ulikuwa wa mkeo Anande na wewe. Ningeumaliza mimi kama nani?"

Kaanaeli, mwaka mzima na zaidi nilidhani wameniacha. Kumbe walisimama. Bendi nzima ilisimama kwa ajili ya mama yako, kama ule mji wako unavyosimama, na mimi nikawafungia geti.

Alfajiri ya Pasaka geti nililiacha wazi tangu jana yake. Niliwasikia wanakuja kutoka kwa jirani Solomoni, wanapiga wakishuka. Walipofika hawakujua waingie au wapite. Mimi nilikuwa nimesimama kaburini kwa mama yako, katikati ya migomba, nimevaa suti ya harusi yetu, na tarumbeta mkononi. Wakajipanga bila kuambiwa. Ephraimu akaja akasimama kushoto kwangu.

Nikaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka, siyo vizuri sana, ila ulitoka. Ubeti wa pili nikafika pale. Unapajua. Kifua kilikuwa kizima, mwanangu, pumzi ilikuwepo, ningeweza kuendelea mpaka mwisho. Na kilitaka kuendelea kweli, yule zimamoto hakusema uongo. Nikashusha tarumbeta mwenyewe, kwa hiari yangu. Nikampisha.

Kukawa kimya. Niliusikia mfereji, ule wa kweli. Sikuona aibu. Nilitazama juu kama ulivyoniandikia, kulikuwa na ukungu tu na majani ya migomba, lakini nilitazama. Nililia pia, sitakuficha, na hakuna aliyeinamisha kichwa. Kisha nikamgeukia Ephraimu nikamwashiria, na akauokota. Aliuchukua pale ulipokuwa umelala muda wote huu, bendi nzima ikaingia nyuma yake, wakaupeleka nyumbani kwa mama yako, ubeti hadi ubeti. Mimi nilisimama nikasikiliza kama mfiwa anavyotakiwa.

Tarumbeta linabaki kwangu. Tarumbeta lako, lile la tatu la bendi, nimelitoa kanisani nalisugua, hakuna nyigu, nimeangalia. Agosti ukirudi usiniletee saa wala koti. Njoo na pumzi.

Wasalimie Hanna na bibi wa leso, waambie mshumaa nimewasha mwingine. Na Jumamosi nenda tena kwenye ule uwanja. Yule mwenzangu akikata, usiimbe. Mpungie mkono. Mpungie wewe, kisha mpungie tena, huo wa pili ni wangu.

Baba yako,
Elimringi